Mwizi Aliyemsamehe Mume Wangu

Wakinamama wa jumuiya yetu walinitaka niandike ukurasa mmoja wa mafundisho, jinsi ya kujikinga na matapeli wa mtandaoni, usomwe baada ya sala ya Alhamisi. Mafundisho sina. Ninayo niliyotendewa, na hayo hayaenei ukurasa mmoja, kwa hiyo anayewahi kupika aondoke sasa.

Mimi ni Laurencia, muuza vitunguu wa soko la Karatu, meza ya tatu ukitokea upande wa mashine ya kusaga. Nilizaliwa Endabash. Baba alikuwa na mbuzi kumi na saba na watoto wanane, na ilipofika zamu yangu ya kwenda shule aliona kwamba mbuzi ndio hawana mtu. Kaka zangu walikwenda darasani, mimi nikaenda malishoni. Leo hao wasomi wakitaka kujua bei ya gunia wananipigia mimi.

Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kanisani baada ya misa, kwa mwalimu aliyekuwa akitupigia makofi tukipatia neno kana kwamba tumejifungua pacha. Kuandika naandika kwa kalamu, polepole. Kwenye simu siandiki. Vidole vyangu ni vya vitunguu. Nikigusa herufi moja zinaitika tatu. Mimi natuma sauti tu, na kila mtu mwenye namba yangu anajua kwamba sauti ya Laurencia haifunguliwi mbele ya padre.

Sasa niseme la Patrisi, maana bila yeye hamtaelewa hasara yenyewe.

Patrisi ni baba wa mwanangu Silvanus. Tulilima pamoja nusu eka ya vitunguu Mang'ola, mimi nikishuka huko msimu wa kupanda na kurudi Karatu kuuza. Miaka saba iliyopita mama yangu alilazwa hospitali ya Endulen, nikakaa naye wiki tatu. Niliporudi nyumbani nilikuta nyumba haina mlango. Si kwamba mlango ulikuwa wazi. Haukuwepo, wala bawaba zake wala kitasa chake. Patrisi alikuwa amehamia Mang'ola kwa mwanamke mwingine, shamba amelishika, na mlango ameubeba juu ya lori kwa sababu, aliwaambia majirani, alinunua yeye. Ulikuwa wa mninga. Mimi nilitundika magunia mawili ya vitunguu, na kwa masika mawili kuku wa Karatu nzima walifanya sebule yangu njia.

Kwetu mtu aliyedhulumiwa ana neno lake. Nilisimama pale ulipokuwa mlango, mbele ya majirani, nikasema: kila atakachokifunga Patrisi kifunguke, na kila atakachokifungua kijifunge. Neno kama hilo haliondoki kwa soda wala kwa barua. Aliyekosa lazima asimame mbele ya watu ataje alichofanya, kisha aliyekosewa achukue maji ya asali kinywani amnyunyizie usoni. Basi. Nilimtumia ujumbe kwa watu: aje aseme. Miaka saba hakuja.

Hakuhitaji kuja, mpaka alipotamani kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Mang'ola vitunguu vinakunywa maji kwa zamu, na mwenyekiti ndiye anayefungua na kufunga geti la mfereji. Nani anampa geti mtu aliyeapizwa kwa kufunga na kufungua? Hata kabla ya uchaguzi, shamba la mtu likifurika waliuliza, "Patrisi alipita hapa?" Kwa hiyo msamaha wangu ulikuwa na thamani, na ndicho kitu pekee cha Patrisi nilichobaki nacho. Mlango anao, shamba analo, mwanamke anaye. Msamaha ninao mimi.

Na huo ndio aliougawa mwizi bure.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, wateja wamejaa. Simu ikaita. Namba yangu imeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa meza, kila mtu anaiona, sikushtuka.

"Habari za kazi mama yangu. Naongea na mama Laurencia?"

Kiswahili chake kilikuwa laini, hakina mikwaruzo yetu ya huku juu. Akasema wanasajili wakinamama wa sokoni watakaopeleka vitunguu kwenye hoteli za watalii, zile za njia ya kupanda Ngorongoro. Utaingia ujumbe wenye namba sita, nimsomee, usajili uishe.

Ujumbe ukaingia. Nataka niwe mkweli, maana nimeombwa kufundisha: chini ya zile namba kulikuwa na maneno, na maneno yalisema usimpe mtu yeyote namba hizi. Niliyaona. Nikasita. Nikamwambia, "Hapa wanasema nisimpe mtu."

Akasema kwa huruma, "Mama, kama hujui kusoma usione aibu. Mpe jirani hapo mwenye elimu akusomee."

"Nani hajui kusoma?"

"Si vibaya mama, wazazi wetu wengi hawa—"

Nilizisoma zile namba sita kwa sauti ya kusomea somo la kwanza siku ya Pasaka. Muuza nyanya aligeuka. Mteja wangu aliweka kitunguu chini. Nilipomaliza nikazirudia zote tena, bila kuombwa, moja moja, ili ajue amempigia nani.

"Hongera mama," akasema. "Unasoma vizuri sana."

Nina miaka arobaini na tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Siku ile niliuza nikiwa na furaha mpaka nikampa mtu nyongeza.

Mchana wasapu yangu ikanyamaza. Ikaandika kwamba namba yangu inatumika kwenye simu nyingine. Nikasema ni bando. Siku hizi kila kitu ni bando.

Kesho yake asubuhi akapiga Silvanus, ambaye ni dereva Arusha.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Kwa nini?"

"Umeniandikia 'mwanangu mpendwa'."

"Mimi?"

"Umeandika, 'Mwanangu mpendwa, nimekukumbuka, Mungu akutunze.' Nikasema basi, mama yuko kufani. Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Silvanus, mimi nimewahi kukuita mpendwa?"

"Ndiyo maana nimeomba ruhusa."

Sijakata simu vizuri, Germana huyo. Germana ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. Tuligombana juu ya sufuria za harusi mwaka juzi na tangu hapo tunasalimiana kwa nyusi. Asubuhi ile alikuja mezani kwangu na bakuli la maandazi, akanikumbatia mbele ya watu.

"Mwenzangu, Mungu ametenda. Jana umeniuliza habari ya goti langu."

"Goti lipi?"

"La kushoto. Nilikwambia linauma, ukasema 'pole sana dada mpendwa, nakuombea'. Nimelia, Laurencia. Miaka mitatu nachechemea mbele yako hujauliza."

"Na sikuuliza hata jana."

"Usijishushe. Na ile elfu ishirini nimekutumia, kwa namba ile uliyonipa."

"Namba ipi?"

"Si ulisema yako ina shida? Kabla ya kutuma lilitokea jina la mwanaume. Nikasema, hayo si yangu, huenda hatimaye umepata mtu."

Nilikaa juu ya gunia. Nikamweleza kwamba aliyemuuliza goti ni mwizi, na kwamba likitokea jina usilolijua hutumi kwanza ukaanza kumwoza mwenzako, unampigia mwenyewe usikie sauti yake. Germana alinitazama machoni. Kisha akachukua bakuli lake la maandazi akaondoka nalo. Nilichokiona machoni mwake hakikuwa uchungu wa elfu ishirini. Alikuwa anamkumbuka yule Laurencia mwingine, aliyemuuliza goti.

Na si yeye peke yake. Siku ile nzima nilipiga simu kuwaambia watu sikuwa mimi, na watu walisikitika kwamba aliyerudi ni mimi. Dada yangu wa Endulen aliuliza kama kuna namna ya kumwacha mwizi aendelee siku za wiki, mimi nichukue Jumapili. Alidhani ananichekesha.

Mchana Silvanus akapiga tena. Safari hii hakuwa na utani. Ndugu tuna kundi la ukoo kwenye wasapu, na Patrisi naye yumo, kwa sababu watu waliona haya kumtoa. Mwizi aliingia kwenye makundi yangu yote akasalimia kila mtu, "Shalom wapendwa." Patrisi akaona nafasi, akamwandikia pembeni. Na sasa amelitangazia kundi: Mama Silvanus amenisamehe, ushahidi ninao, Jumamosi nitausoma kwenye mkutano wa mfereji.

Nilimpigia Patrisi. Alinifungia simu tangu mwaka ule wa mlango. Inaita mara moja inakata. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukifunga kikafungika.

Nikaenda kwa Esta. Esta ni binti wa Kichaga mwenye kibanda cha simu karibu na stendi, mdomo mwepesi na mikono mepesi zaidi.

"Mama Silvanus, ulimpa mtu namba sita?"

"Nilimsomea."

"Kuna tofauti?"

"Nilisoma vizuri."

Alichukua simu yangu. Aliingiza namba yangu upya, zikaja namba sita nyingine, akaniinulia kidole nisizitamke, akaziandika kimya kimya. Mwizi akatoka palepale. Lakini kabla ya kutolewa alikuwa ameweka nenosiri lake juu yake, kama mtu anayehama nyumba akabadili kufuli. Esta akasema hapo hakuna ujanja, ni kusubiri siku saba ndipo ifunguke, na kwa siku hizo saba hakuna atakayeitumia, si mimi wala yeye.

"Jumamosi zimebaki siku tatu," nikasema.

"Basi Jumamosi huna wasapu, mama."

"Kwa nini mimi sikuwa na nenosiri hilo?"

"Kwa sababu nilipokuuzia simu nilikwambia tuliweke, ukasema huna cha kuibiwa."

Kweli nilisema. Nimeliweka sasa, na Esta aliniambia nisitumie tarehe ya kuzaliwa, maana mimi tarehe sijui, kitambulisho kimeandika tarehe moja mwezi wa saba, na nusu ya wanawake wa Karatu wa umri wangu tulizaliwa asubuhi hiyohiyo. Msijaribu basi kukisia nenosiri langu hapo mlipo. Pia tulituma namba ya tapeli kule kunakoripotiwa, na polisi wakaandika maelezo yangu, na namba ya simu nimeifuta kwenye ubao wa meza nikaacha jina. Anayetaka vitunguu anajua miguu yake ilipo.

Jioni nilimpigia mzee Tluway wa Mang'ola, ambaye ndiye husimamia mkutano wa mfereji. Nikamwambia sikumsamehe Patrisi, aliyeandika ni mwizi.

"Nani anaongea?" akauliza.

"Laurencia, mzee."

"Nitajuaje? Mjukuu wangu amenionyesha jinsi siku hizi hata sauti ya mtu inatengenezwa. Kama ni wewe, njoo na uso wako."

Nilikasirika, halafu nikaona mzee huyu ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyefanya inavyopasa.

Jumamosi nilipanda lori linalokwenda kuchukua vitunguu, mbele, kati ya dereva na utingo, nikashuka Mang'ola nikiwa na rangi ya barabara. Mkutano ulikuwa pale kwenye geti la mfereji, watu kama arobaini. Patrisi amevaa koti. Pembeni kwenye kigoda alikuwa ameandaa kibuyu cha maji ya asali, maana alikusudia kwamba baada ya kusoma ushahidi mzee mmoja amnyunyizie kwa niaba yangu, mambo yaishe. Aliponiona alifanya kitu ambacho hajafanya miaka saba: alinipa kiti.

"Mama Silvanus, karibu. Nimefurahi umekuja kuthibitisha."

"Sijaja kuthibitisha. Sikuandika mimi."

"Namba ni yako."

"Namba yangu, mdomo si wangu."

Watu wakaanza kunong'ona. Mwingine akasema namba ndiyo mtu siku hizi. Mwingine akasema msamaha ukishatoka umetoka, hauulizwi ulipita njia gani. Mama mmoja akasema hapana, msamaha lazima uwe na mate, na simu haina mate. Wakabishana hivyo mpaka mzee Tluway akagonga fimbo.

"Isomwe," akasema. "Yote. Usiruke."

Patrisi akasoma mwenyewe, kwa fahari, kwa sauti ya kunizidi.

"Nimeandika: 'Mama Silvanus, salamu zako nimeziona. Je, umenisamehe?' Amejibu: 'Nimekusamehe kabisa mpendwa, yaliyopita si ndwele. Naomba nitumie elfu hamsini kwa namba hii, nitarudisha jioni.'"

"Endelea."

"Nimeandika: 'Hata la mlango?' Amejibu: 'Hata la mlango mpendwa. Umeshatuma?'"

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Nimeandika: 'Na la shamba je?' Amejibu: 'Shamba pia nimesamehe. Umeshatuma?' Nimeandika: 'Na lile la mama yako, kwamba sikuja Endulen kumwona?' Amejibu: 'Mama amekusamehe pia, yuko hapa anakusalimia. Tuma sasa hivi mpendwa.'"

Mama yangu amelala kaburini mwaka wa sita. Mkutano mzima unajua, wengi walikuja msibani. Kicheko kilianzia kwa wale wa nyuma kikaja mbele kama maji yaliyofunguliwa, na Patrisi akasimama katikati yake na simu mkononi, akiangalia maandishi kana kwamba yamebadilika.

Mzee Tluway hakucheka.

"Patrisi. Ulituma?"

"Nini?"

"Hiyo elfu hamsini."

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kwanza nihakikishe ni yeye."

"Ukahakikishaje?"

Patrisi akaitia simu kwenye mfuko wa koti.

"Kwa hiyo kwenye pesa ulimshuku," mzee akasema, "na kwenye msamaha ukamwamini."

Hapo hata mimi nilitamani kumhurumia. Nilitamani kidogo tu, ikapita.

Mzee akasema msamaha wa mwizi ni mali ya wizi, na anayeupokea akijua amepokea mali ya wizi. Kama Patrisi anataka jina lake libaki kwenye kura, Laurencia yupo, watu wapo, asali ipo, atamke. Kama hataki, geti litapata mtu mwingine na jua linapanda.

Patrisi alivua koti. Akasema haraka, akitazama mfereji, "Nilimkosea mama wa mtoto wangu, naomba radhi." Akapiga magoti, akafumba macho, akanyoosha uso kwangu kama mtoto anayenyolewa.

Wakanipa kibuyu. Nikachukua maji ya asali, nikajaza kinywa. Watu wakasogea. Nilimtazama yule mwanaume pale chini, mvi zimemwingia, uso umekaza kusubiri kulowana, na kweli maji yalikuwa mazuri, asali ya nyuki wadogo, na mimi nilikuwa nimekula vumbi tangu Karatu.

Nikameza.

Patrisi alisubiri. Akafumbua jicho moja.

"Umemkosea nini?" nikamuuliza. "Watu hawajasikia. Anza upya."

Akaanza upya. Akataja mlango. Nikamwambia ataje na bawaba. Akataja bawaba na kitasa. Nikachukua maji kinywani, nikangoja. Hakutaja shamba. Nikameza tena. Mwanamke mmoja akasema kibuyu kitaisha. Nikamwambia kikiisha Patrisi atanunua kingine.

Mara ya tatu alisema yote. Alisema alihama nikiwa namuuguza mama yangu. Alisema alibeba mlango usiende kumfaa mtu mwingine, na kwamba nyumba yake ya Mang'ola tayari ilikuwa na mlango, kwa hiyo wa mninga ameulaza chini anakaushia vitunguu. Alisema shamba nililimwagilia mimi kwa ndoo mwaka ule pampu ilipokufa, na nusu yake ni yangu, na msimu unaokuja nitapanda. Hayo ya kupanda aliyasema kwa sauti ndogo, na mzee Tluway akamwambia ayarudie kwa sauti ya kusomea simu. Akayarudia.

Ndipo nikamnyunyizia. Nilimnyunyizia ipasavyo, hakuna sehemu ya uso iliyobaki kavu, na mengine yalimwingia puani, jambo ambalo sikulikusudia sana. Watu wakasema imekwisha, imekwisha. Patrisi akajifuta kwa kiganja, akainuka, akaniuliza kwa upole kama sasa naweza kulisema lile neno kwa mdomo wangu, wapiga kura wasikie.

"Nimekusamehe," nikasema. "Kura yangu sikupi."

Alishindwa kwa kura saba.